Habari za Saa Mbili, Zilizosomwa Saa Kumi na Moja

Siku niliyorudisha ufunguo wa studio, binti mpya wa mapokezi aliniuliza nilikuwa idara gani. Nilimtazama nikidhani ananitania. Uso wangu umekaa kwenye televisheni za mji huu kila jioni tangu yeye hajazaliwa, halafu ananiuliza idara. Alipoona namkodolea macho akasema kwa upole, "Pardon, Maman. Mi naangalia ku telefone tu." Nikamwambia idara ya habari, nikashuka ngazi. Mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Ninyi wenzangu mliobaki mmeniomba niandike jinsi taarifa yetu ya jioni ilivyoanza na ilivyokwenda. Mambo ya vyeo nitayaacha, hayana ladha. Nitaandika yale yaliyonishtua, nayo si machache. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa macho yamenitoka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Kazi hii haikuyarudisha ndani.

Siku ya kwanza nilipanda mtaa wa Rohero, hapa Bujumbura, nikiwa nimevaa viatu vya harusi yangu. Nilitegemea jumba. Nikaelekezwa ghorofa moja juu ya duka la vitenge, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa ghala la mitumba, na harufu ya marobota ilikuwa bado imo. Ukutani walikuwa wametundika mablanketi ili kelele za barabarani zisiingie. Kamera ilikuwa moja. Mguu wake mmoja ulifungwa kwa mpira wa baiskeli. Meza ya msomaji wa habari, ile mliyoiona nyumbani mkadhani ni ya waziri, kwa nyuma ilikuwa mlango uliolazwa juu ya makreti ya soda. Taa ilikuwa ya moto kiasi kwamba poda ilianza kutiririka kabla sijamaliza kusalimia. Nikauliza studio yenyewe iko wapi. Wakacheka wote, na mmoja akanipa taulo.

Aliyenipa taulo ndiye Muzee Rafaeli, mkuu wa habari, mtu wa Uvira, nchi ya jirani, aliyevuka mpaka kitambo na hakurudi. Alikuwa mrefu, mkavu, na chai yake ilikuwa na tangawizi nyingi mpaka macho ya mgeni yanatoka machozi. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Alikaa chini ya kamera, mahali ambapo hamuwezi kumwona, na kila nilipokimbiza maneno alikuwa ananikanyaga kidole cha mguu. Ndiyo maana tangu siku ya pili nilikuwa navaa koti zuri juu na kandambili chini, kwa sababu viatu vya harusi vilikuwa vimeshaanza kupasuka.

Sasa sikilizeni kilichonishtua kuliko ghala na taulo. Ilipofika saa kumi na moja ya jioni, jua bado linawaka, Muzee Rafaeli alipanda kiti, akaishusha saa ya ukutani iliyokuwa nyuma yangu, akazungusha mishale mpaka saa mbili, akaitundika tena.

Nikamwuliza, "Muzee, saa imeharibika?"

"Apana. Saa iko mzima," alisema akipangusa vumbi mikononi. "Ni sisi tuko mapema. Kaa, soma."

Nikasoma. "Ni saa mbili kamili hapa Bujumbura, habari za jioni." Nje niliwasikia watu wakinunua nyanya za mchana.

Sababu yake ilikuwa nyepesi hata ya kuchekesha. Umeme wa mtaa ule ulikuwa unakatika kila jioni, na jenereta lilikuwa la mwenye duka la vitenge. Akifunga duka, anazima jenereta, anaweka kufuli kwenye geti, anaondoka na ufunguo. Kwa hiyo aliyepanga saa ya habari za mji mzima alikuwa muuza vitenge. Sisi tulirekodi kabla hajafunga, kaseti ikapelekwa kwa pikipiki mpaka kwenye kile kibanda ambako waya zote za kebo zinaanzia, na fundi wetu Pascal akaibonyeza saa mbili kamili. Saa ya ukutani ikawa inaenda sambamba na saa za watu. Nilingoja mtu mmoja aseme hii si vizuri. Nilitazama uso mmoja mmoja. Walikuwa wanakunja nyaya.

Siwezi kusema Muzee Rafaeli alikuwa mwongo. Alikuwa mwangalifu kuliko wote niliofanya nao kazi. Kwa kuwa habari ilikuwa inalala njiani, aliitaka iwe habari isiyochacha, kama alivyokuwa akiita. Mechi ya mpira, aliandika imechezwa leo, hasemi nani ameshinda. Mgonjwa mashuhuri, aliandika amepelekwa hospitali, hasemi anaendeleaje. Hali ya hewa alikataa kabisa. Mvua na maji, alisema, vinachacha kuliko maziwa. Nikaona akifuta sentensi nzuri za watu bila huruma, kalamu nyekundu mkononi, na mwandishi amesimama pale anakaribia kulia. Mimi mwenyewe alinifutia nyingi. Mshangao wangu ni kwamba kwa miaka yote aliyokaa, hatukuwahi kusema kitu saa kumi na moja ambacho saa mbili kilikuwa uongo. Isipokuwa saa yenyewe.

Amri niliyopewa baadaye ilinikuta nimeshaolewa na kazi. Kabla yangu kulikuwa na msomaji mmoja, sitamtaja, ambaye alikutwa kwenye baa anakula brosheti za mbuzi huku juu ya kaunta yeye mwenyewe anasoma habari. Watu walicheka kwanza. Halafu wakakasirika, wengine wakakata kebo. Direkteri wa kituo akaniita ofisini na kuniambia, bila hata kutabasamu, "Consolate, kama uko mu televizio, hauwezi kuwa mu butike unanunua sabuni. Kuanzia saa mbili mpaka taarifa imeisha, unakuwa ndani. Rido za madirisha zimefungwa."

Nikadhani mzaha. Haukuwa mzaha.

Wakati huo mimi na mume wangu Deo tulikuwa tumejenga Kajaga, karibu na ufuko wa ziwa, kwa sababu Deo hapati usingizi bila kusikia maji. Basi nikawa mtu wa kurudi nyumbani kwangu kama mwizi. Pikipiki inanishusha mbali, najifunika kitenge kichwani, napita njia ya nyuma kwenye meza za kuanikia ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, naingia kwa mlango wa jikoni. Saa mbili ikigonga, rido zimefungwa, taa ya sebuleni imezimwa, nakula ubugali wangu gizani kwa vidole, bila kijiko, ili sahani isilie. Mtu akibisha hodi, Deo anatoka mlangoni anasema, "Conso bado yuko kazini. Si munamuona?" Wanacheka, wanaomba radhi, wanaondoka. Deo alizoea mpaka akawa anaongeza mapambo. Kuna jirani aliambiwa nimemtumia salamu kutoka studio.

Ukuta wetu wa upande mmoja tulichangia na Maman Godeliva, mama mtu mzima anayeuza ndagala, analea wajukuu watatu ambao mama yao anafanya kazi ng'ambo ya mpaka. Televisheni yake ilikuwa kubwa kuliko dirisha lake. Kila jioni nilikuwa nasikia sauti yangu ikitoka kwake na kupenya ukuta. Nikisema kule habari za jioni, namsikia yeye anajibu, "Nzuri, mwanangu." Nikisema usiku mwema, anasema, "Na we pia, ulale muzuri." Nilikuwa nimekaa gizani, hatua chache kutoka kwake, mdomo umejaa ubugali. Mwanzoni nilicheka. Baadaye iliniogopesha, nikamwambia Deo aongeze kelele za vyombo nisimsikie.

Kadiri miaka ilivyopita niliona mambo ambayo nikisimulia watu wanadhani natia chumvi. Jioni moja Pascal alipasukiwa gurudumu akafika kibandani amechelewa. Akabonyeza kaseti, saa ya ukutani ikasema saa mbili kamili, wakati saa za watu zilishapita. Tukakaa tunangoja matusi. Hakuna aliyetukana. Kesho yake tukaja kujua kwamba watu walirudisha saa zao nyuma ili zifanane na yetu. Nusu ya mtaa wa Gasenyi ilichelewa kazini, na kuna seremala aliyefokewa na bosi wake akajibu kwamba televisheni haiwezi kukosea. Nilimwambia Muzee Rafaeli hii inatisha. Akanywa chai yake. "Inatisha," alikubali. "Ndiyo sababu nafuta sana."

Pascal naye alinifundisha kitu ambacho sikujua kitanifaa. Jumapili moja alikuja Kajaga kurekebisha waya, nikamsindikiza. Akanionyesha kisanduku kwenye nguzo mbele ya butike, pale waya ya mtaa inapogawanyika, na akanieleza kwamba waya ya televisheni haina umeme wa kuua mtu, unaweza kuifungua kwa vidole. Halafu akasema, "Ukitaka kujua wapi picha imekatika, usitafute waya. Tafuta watu." Wateja wa kebo wana desturi moja. Picha ikizimika hawapigi simu. Wanatoka nje, nyumba kwa nyumba, kila mtu anataka kuona kama ni kwake peke yake, na wote wanaishia chini ya nguzo wakitazama juu na kututukana. Pascal alikuwa anawatafuta tu, anakuta nguzo yake hapo hapo.

Muzee Rafaeli alistaafu, akarudi kwao Uvira. Kaseti zikafa, zikaja kompyuta. Umeme wa Rohero ukatengemaa kidogo, tukanunua jenereta letu, na muuza vitenge akahamia mtaa mwingine. Sasa hebu niambieni: sababu ya kurekodi saa kumi na moja ilibaki nini? Hakuna. Tungeweza kusoma saa mbili kweli, moja kwa moja, bila kumdanganya mtu. Hakuna aliyewaza. Kila jioni saa ilishushwa, mishale ikazungushwa, saa ikatundikwa. Nilipouliza, mkuu mpya wa habari, Arsène, alinitazama kama nimeuliza kwa nini tunavaa nguo. "Dada Conso, ndiyo vile inafanywa." Na mimi mwenyewe nikarudi nyumbani na kitenge kichwani.

Halafu ukaja ule msimu ziwa lilipopanda. Wengi wenu mnaukumbuka. Maji yalikuwa yanaingia Kajaga, yanatoka, yanaingia tena. Mwandishi wetu alikwenda mchana, akakuta barabara imekauka na watoto wanacheza, akarudi na picha nzuri za watoto wanaocheza. Arsène akaandika kwamba maji ya Kajaga yameshuka na wakazi wanaweza kulala kwa amani.

Nilimwambia, "Arsène, hii itachacha."

Hakujua neno hilo kwa maana yetu. Nikamweleza. Akasema, taratibu, kwa heshima, "Dada Conso, mutu wetu ameona na macho yake." Direkteri alikuwa amesimama mlangoni, akaongeza kwamba watu wakikimbia nyumba zao wezi wanaingia, kwa hiyo habari ya kuwatuliza ni huduma. Wote wawili walikuwa wanasema kitu cha maana. Saa ikatundikwa, nikasoma.

Kule milimani mvua ilikuwa inanyesha tangu alasiri, na studio yetu haina dirisha. Nikiwa njiani kurudi, dereva wa pikipiki aliinua miguu yake juu, akaniambia na mimi niinue. Giza lilikuwa limeshaingia. Kwenye njia yangu ya nyuma maji yalikuwa yamefika miguu ya meza za ndagala, na ndagala wenyewe wanaelea. Nilipopita uani kwa Maman Godeliva niliona mizigo imefungwa kwa vitenge, vikapu, madumu, magodoro yamekunjwa, wajukuu wamevishwa masweta. Moyo ukatulia. Wanaondoka, nikasema, wana akili. Sikuwasemesha kwa sababu ya ile amri. Hebu fikirini. Maji yako miguuni na mimi bado nalinda ile amri.

Ndani Deo alikuwa amepandisha godoro juu ya meza na anakusanya nguo. Nikaanza kumsaidia. Saa mbili ikafika, na kupitia ukuta nikasikia muziki wetu wa kuanzia, halafu mimi, sauti imetulia, imepumzika, nikisema ni saa mbili kamili hapa Bujumbura. Nilisikia Maman Godeliva akijibu salamu. Halafu ikaja habari ya Kajaga. Maji yameshuka. Wakazi wanaweza kulala kwa amani.

Kisha nikasikia sufuria.

Deo alikuwa ameinua pembe ya rido. Akageuka, na sijawahi kumwona na uso ule, si kabla wala baada. "Conso," alisema, "wanafungua mizigo."

Sikuamini, nikaenda mwenyewe dirishani. Mtoto mmoja alikuwa anavuliwa sweta. Godoro lilikuwa linarudi ndani. Mwanamke aliyezaliwa kando ya ziwa lile, anayeyajua maji kuliko mimi na Arsène na direkteri, aliyeyaona jioni ile kwa macho yake yakija mlangoni kwake, alikuwa anarudisha sufuria kwenye rafu kwa sababu mimi nilisema. Deo ndiye aliyefungua mlango wa mbele, ule ambao saa hiyo haukufunguliwa miaka yote, akanisukuma nje.

Uani maji yalifika kwenye vifundo. Nikaenda mpaka mlangoni kwake. Kizingiti chake kilikuwa cha juu, ndani kulikuwa bado kukavu, taa zinawaka, wajukuu wamekaa juu ya mzigo uliofunguliwa nusu, na kwenye skrini ile kubwa nilikuwa mimi, nimevaa koti la bluu, saa nyuma yangu.

"Maman Godeliva, tokeni," nilisema. "Maji inapanda. Tokeni sasa hivi."

Alinitazama. Akatazama televisheni. Akanitazama tena. Mjukuu mdogo akajificha nyuma ya sketi yake.

"We ni nani?"

"Ni mi. Ni Conso, wa hapa karibu."

"Conso iko ku kazi. Ninamuona pale."

"Ile tumerekodi, Maman. Tumerekodi saa kumi na moja."

Akanyoosha kidole kwenye skrini, kwenye saa ya ukutani, kisha akanionyesha ya mkononi mwake. "Saa mbili na dakika kumi. Na yangu iko sawasawa." Aliongea kama unavyomwelewesha mtu aliyekunywa. "We ni mudogo wake? Munafanana. Lakini yeye ni munene kidogo."

Hata katika hofu ile, niliumia.

"Basi angalia inje," nikamwambia. "Usiniamini mi. Angalia tu inje."

"Nimeangalia tangu saa kumi na mbili," akasema. "Nilikuwa naogopa kama we. Lakini sasa wamesema inashuka. Na kama wamesema saa hii, ni saa hii."

Nikakimbilia nyumba ya pili. Pale baba mmoja mstaarabu alinikaribisha nikae, akaniambia watasubiri mwisho wa taarifa, kwa sababu kama kuna mabadiliko yule mama atasema. Yule mama! Mimi ndiye yule mama, nimesimama mbele yake nimelowa mpaka magotini. Nyumba ya tatu walinifungia mlango, nadhani walinidhania mzimu. Nilisimama katikati ya njia, na kutoka kila dirisha nilijisikia nikizungumza, sentensi moja, sauti moja, mtaa mzima, nimetulia, natabasamu. Hakuna kitu kilichonitisha zaidi maishani. Ningeweza kupiga mayowe mpaka asubuhi, yule wa ndani angenishinda.

Hapo nikakumbuka nguzo.

Deo alibeba benchi la butike, akalishika kwa mikono miwili ndani ya maji, nikapanda. Nilikipapasa kile kisanduku, nikapata waya, nikaizungusha kama Pascal alivyonionyesha. Vidole vilikuwa vinateleza. Mtaa mzima nilikuwa nasoma habari ya mahindi. Nikazungusha tena, ikatoka, na nikakatika katikati ya neno, nyumba zote kwa mara moja.

Halafu mlango wa kwanza ukafunguliwa, na wa pili, na yote. Walitoka kama wanavyotoka siku zote, kila mtu akimuuliza mwenzake kama na kwake imekatika, wakitutukana kampuni nzima na wazazi wetu, wakija kwenye nguzo. Na walipokuja waliingia ndani ya maji. Niliwaona wakiingia. Wa mbele alisimama ghafla akatazama chini. Wengine wakamgonga mgongoni, nao wakatazama chini. Matusi yakapungua, yakaisha. Maman Godeliva alikuwa ameshika sketi yake mkononi na maji yamempita kifundo cha mguu. Aliinua uso, akaniona juu ya benchi, waya mkononi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa chochote. Waligeuka wote pamoja wakarudi mbio kuchukua watoto.

Tulipanda mpaka shule iliyo juu ya barabara, mizigo kichwani, wajukuu watatu wa Maman Godeliva mmoja mgongoni kwa Deo. Hatukumpoteza mtu. Kabla ya alfajiri ukuta wetu ule wa pamoja, wa matofali mabichi, ulianguka upande wake, pale watoto walipokuwa wanalala.

Kulipokucha nilikwenda kazini nikiwa na matope mpaka kiunoni. Niliwaeleza Arsène na direkteri yote, na nilingoja washtuke. Arsène alikaa chini, akaweka mikono kichwani, na namheshimu kwa hilo mpaka leo. Direkteri alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyefurahi kidogo, "Donc, basi, umeona vile watu wanatuamini." Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwomba arudie, akarudia. Nikapanda kiti, nikaishusha ile saa, nikairudisha kwenye saa yake ya kweli, na nikasema nitasoma ikifika mbili. Jioni ile nilisoma saa mbili kweli kwa mara ya kwanza maishani, kwenye mlango wetu wa makreti. Tangu hapo ndivyo mlivyoikuta, na wengi wenu mlidhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Siku chache baadaye nilikwenda pale shuleni kumwona Maman Godeliva. Alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto wadogo, magoti yamefika kidevuni, anachambua maharage. Nikamweleza kila kitu: saa, jenereta la muuza vitenge, kaseti, rido, Deo mlangoni, ubugali gizani. Alisikiliza bila kunikatiza. Mkono wake uliacha maharage.

"Donc miaka yote nilikuwa nasalimia kanda," akasema.

"Ndiyo, Maman."

"Na we ulikuwa pale, nyuma ya ukuta."

"Nilikuwa pale. Nilikuwa nakusikia."

Nilijitayarisha kutukanwa, na ningepokea. Pale nje watu walikuwa wanagombana kidogo, maana baadhi walitaka kurudi kwenye nyumba zao siku ile ile na wengine waliogopa, na wajukuu wake walikuwa wanamvuta nguo wakiuliza wanarudi lini. Kutoka mlango wa darasa ziwa lilionekana lote, mabati yetu, meza za ndagala, alama ya maji kwenye kuta, mpaka ilipofikia.

"Haya," akasema mwishowe, akapangusa mikono. "Niambie basi. Maji inashuka? Nirudishe hawa watoto ao nisirudishe?"

Nikamwonyesha mlango. "Si hilo pale ziwa, Maman. Liangalie."

"Ninaliona," alisema. Hakuligeukia hata kidogo, alikuwa ananitazama mimi usoni. "Lakini we unasema aje?"

Wenzangu, nimesoma habari kwa umri mzima, na neno lililonitoka pale sikuwahi kulisoma mbele ya kamera hata siku moja. Nilimwambia, "Mi sijui."

Nikamwona anashtuka, kuliko alivyoshtuka usiku wa maji. Akawavuta wajukuu wake karibu, wote watatu, na ndipo kwa mara ya kwanza akageuza kichwa, akalitazama ziwa.